Je, Wajua Oili ya Difu ya Mbele Huvujia Wapi?

Je, wajua kwamba sili mpya kabisa, ya kampuni iliyotengeneza gari lenyewe, inaweza kuanza kuvuja ndani ya wiki moja ilhali haina kosa lolote? Mwenye pikapu anarudi gereji amekunja uso, fundi anaapa kwamba aliipigilia vizuri, na wote wawili wanasema kweli. Kinachowagombanisha ni kitundu kidogo juu ya ekseli ambacho hakuna aliyekitazama. Kitundu hicho ni briza, yaani pumulio la difu.

Hesabu yake ni nyepesi. Difu haijazwi oili mpaka juu, na sehemu kubwa ya nafasi yake ya ndani ni hewa. Asubuhi hewa hiyo ina joto la nyuzi 30 hivi. Gari likishapanda milima na mzigo, joto la difu linaweza kufika nyuzi 90. Hewa iliyopashwa kiasi hicho hutaka nafasi zaidi kwa karibu asilimia 20. Briza ikiwa wazi, ziada hiyo hutoka kimyakimya na hakuna anayejua. Ikiwa imezibwa na tope lililokauka, shinikizo la ndani hupanda kwa karibu pauni 3 kwa kipimo kilekile cha upepo wa tairi. Kwa tairi si kitu. Kwa sili za difu ni nyingi, kwa sababu kazi yake ni kuzuia oili inayorushwa na gia, si kushindana na shinikizo. Oili inasukumwa nje penye udhaifu, na siku hizo palipo dhaifu ni pale penye sili mpya ambayo mdomo wake bado haujakaa sawa na shafti.

Hatari ya pili ya briza iliyoziba ni ya kinyume, nami naiona kubwa zaidi. Pikapu iliyotembea saa mbili inaingia mtoni. Ekseli yenye moto inazama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inanywea ghafla, na kwa kuwa haina pa kuvutia hewa nyingine, inavuta maji kupitia sili zilezile ambazo saa moja iliyopita zilikuwa zinatoa oili. Ukifungua difu ya namna hiyo utakuta oili imebadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Oili ya hivyo haihifadhi tena meno ya gia wala beringi, na haina dawa isipokuwa kumwagwa yote, kusafisha ndani na kujaza mpya.

Land Cruiser nyingi zinazofanya kazi mbugani Tanzania zina mkonga unaopanda kando ya kioo cha mbele. Madereva huuamini sana wakiona maji. Ukweli ni kwamba mkonga unailinda injini peke yake. Difu ina pumulio lake, na kama halikuongezewa mpira wa kulipandisha hadi juu, ndani ya boneti, liko chini pale pale kwenye ekseli, ndani ya maji. Mpira huo wa kuongeza ni kazi ya bei ndogo, na kwa gari linalovuka mito kila masika sioni sababu ya kuuacha.

Kujua kama briza inapumua hakuhitaji mashine. Gari likiwa limetoka kutembea na difu ina joto la kadiri, legeza kizibo cha kujazia oili taratibu. Ukisikia pumzi inatoka, hewa ilikuwa imefungiwa. Kama briza ina mpira, uchomoe upande wa juu na upulize, pumzi ipite bila kugoma. Kama ni ile yenye kikofia cha bati kilichokaa moja kwa moja juu ya ekseli, kikofia kinatakiwa kuchezacheza kwa vidole. Kilichoganda kwa tope kioshwe kwa dizeli au kibadilishwe, na hilo lifanyike kabla ya kununua sili hata moja.

Wajua pia kwamba difu za mbele za pikapu za Toyota ni za aina mbili zisizofanana hata kidogo, na kila moja ina mahali pake pa kuvujia? Hilux ilizaliwa Japani mwaka 1968, na ilipopata fowili mwaka 1979 ilipewa ekseli nzima mbele, bomba moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu. Katikati ya miaka ya 1980 zikaanza kuja Hilux ambazo kila gurudumu la mbele hupanda na kushuka peke yake. Kwenye hizo difu imefungwa chini ya injini, na shafti mbili fupi zinatoka kulia na kushoto kwenda kwenye magurudumu, kila moja na raba zake. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kuuzwa Novemba 1984, haikufuata njia hiyo. Hata pikapu yake ya leo, 79, bado ina ekseli nzima mbele.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua uanze kuchungulia wapi. Kwenye Hilux ya magurudumu huru, oili ya difu hutokea kwenye sili za pembeni pale shafti zinapoingilia, au kwenye sili ya pinioni inayotazamana na propela, au kwenye maungio ya nyumba ya difu. Tatizo ni kwamba difu hiyo inaning'inia chini kabisa, hivyo kila kinachodondoka kutoka juu huishia juu yake. Sili ya kranki, kifuniko cha injini, pampu ya stelingi, vyote vikivuja vinailowesha difu ambayo haina hatia. Kwenye Land Cruiser yenye ekseli nzima kuna jambo jingine kabisa, na hapo inafaa tukae kidogo.

Inama nyuma ya gurudumu la mbele la Land Cruiser 79. Utaona tufe kubwa la chuma linalong'aa, sehemu ambayo gurudumu huzungukia linapokata kona. Ndani ya tufe hilo kuna jointi inayoliwezesha gurudumu kuzunguka kwa nguvu ya injini hata likiwa limegeuzwa sana. Asili yake ni ubunifu wa Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford nchini Marekani katika miaka ya 1920, ambaye alipitisha nguvu kwenye golori sita zinazokimbia ndani ya mifereji. Jointi hiyo hailainishwi kwa oili ya difu. Imepakiwa grisi nzito nyeusi yenye molibdeni. Kati ya grisi hiyo na oili ya difu kuna sili moja tu, imejificha ndani ya bomba la ekseli, na huwezi kuiona mpaka ufungue habu, utoe spindo na uchomoe shafti.

Sili hiyo ikichoka, oili ya difu hutambaa polepole ndani ya bomba hadi kwenye tufe. Inaingia kwenye grisi na kuizimua. Grisi iliyokuwa nzito inakuwa majimaji meusi, na sili ya nje inayofagia tufe, ambayo kazi yake ni kuzuia vumbi na kushika grisi nzito, haiwezi kuyazuia majimaji. Ndipo tufe linalowa, michirizi inashuka upande wa ndani wa rimu, na mazungumzo ya gereji yanakwenda hivi:

"Bosi, sili ya tufe imekufa. Tubadilishe?"

"Badilisha, fundi."

Inabadilishwa ile ya nje. Mwezi mmoja baadaye tufe limelowa tena, maana chanzo kiko ndani, hakijaguswa. Swali ambalo mwenye gari angeuliza kabla ya kukubali ni moja: oili ya difu imepungua? Kama kiwango kimeshuka na chini ya difu kwenyewe pakavu, oili imekwenda kwenye matufe. Njia ya pili ya kuthibitisha ni kufungua kizibo kidogo cha mraba kilicho juu ya tufe na kuchovya waya safi. Grisi nzima itang'ang'ania kwenye waya. Iliyozimuliwa itachuruzika na kuacha waya unang'aa, na ukiinusa utakuta harufu ya oili ya gia.

Pana sababu nyingine inayosahaulika hapo hapo. Sehemu inayobeba gurudumu inashikiliwa kwenye tufe na beringi mbili ndogo, juu na chini. Zikilika, gurudumu zima hukaa upande kidogo, shafti haipiti tena katikati ya sili ya ndani, na sili inakandamizwa upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili. Ukiweka sili mpya juu ya beringi mbovu, unanunua miezi michache tu. Gari likiwa kwenye jeki, shika tairi juu na chini ulitikise huku mwenzako akitazama tufe. Ukiona mchezo hapo, beringi zinahusika. Habu nayo ina beringi zake, kwa hiyo tazama vizuri mchezo unatokea wapi.

Hili la tufe si la kuahirisha. Majimaji hayo yakivuka spindo na sili ya habu, yanafika kwenye diski na padi za breki. Padi iliyolowa oili haioshwi ikarudi hali yake, inatupwa. Gari huvuta upande mmoja likifunga breki, na kwenye barabara ya kokoto yenye mteremko hilo linaweza kuua watu. Ukiona rimu imelowa kwa ndani, usisafiri mbali kabla hujajua ni nini.

Je, wajua kwamba pua yako ni kifaa cha kupimia uvujaji? Oili ya difu ina harufu kali ya kiberiti, na sababu yake inavutia. Katika difu, pinioni na kraunwili hazikutani tu meno kwa meno. Meno yake huteleza juu ya mengine kwa nguvu kubwa. Muundo huo ulienea tangu miaka ya 1920, baada ya Packard ya Marekani kuutumia ili propela ishuke chini na sakafu ya gari iwe ya chini. Oili ya kawaida ilibanwa mpaka ikatoka katikati ya meno. Dawa ikapatikana kwa kuchanganya oili na misombo ya salfa, ambayo kwenye joto na mgandamizo huungana na chuma na kujenga utando mwembamba unaozuia meno kulana. Kwa miaka mingi sehemu ya dawa hizo ilitokana na mafuta ya nyangumi mkubwa mwenye meno, aliyewindwa karibu na kumalizwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilipopiga marufuku mafuta hayo, wakemia walilazimika kutafuta mbadala upesi.

Basi tone lililo chini ya gari lichukue kwa kidole na kulinusa. Ukipata kiberiti, ni difu au gia boksi. Oili ya injini ina harufu ya kuungua na kwa kawaida ni nyeusi. Oili ya stelingi mara nyingi ni nyekundu. Mafuta ya breki hayana ule uzito, na yana jaribio lake rahisi: dondosha kwenye bakuli la maji, yatachanganyika na maji, wakati oili zote zilizotajwa zitaelea. Kama ni ya breki, acha kila kitu ulishughulikie hilo kwanza.

Namba za kwenye kopo nazo hupotosha. Wengi wanaamini oili namba 90 ya difu ni nzito mara mbili ya oili namba 40 ya injini. Siyo. Vipimo hivyo ni vya ngazi mbili tofauti, na oili ya gia namba 90 ina uzito unaokaribiana na oili ya injini ya 40 au 50. Ushauri wa kujaza namba 140 ili "izibe" uvujaji unazaliwa na imani hiyohiyo. Oili nzito kupita iliyoagizwa huchelewa kufika kwenye beringi asubuhi, na sili iliyokufa haifufuki.

Ukitaka kujua oili inatokea wapi hasa, kumbuka kwamba gari likitembea, upepo huisukuma oili nyuma na uzito wake huivuta chini. Kwa hiyo palipolowa zaidi si chanzo. Chanzo ni sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa. Osha difu yote, kausha, puliza poda nyeupe ya watoto kwenye maungio, tembea kilomita kadhaa halafu lala chini na tochi. Mchirizi wa kwanza kwenye poda utakuonyesha. Sili ya pinioni hujitambulisha kwa njia yake: kwa kuwa flenji ya propela inazunguka, oili yake hurushwa, na utaikuta imechora mstari mmoja ulionyooka kwenye sakafu ya gari na pembeni, usawa wa flenji hiyo. Kwenye Hilux iliyonyanyuliwa springi kuna uwezekano mwingine. Shafti zake zinakaa kwa pembe kali, raba ya jointi inapasuka na kurusha grisi nyeusi nzito ndani ya rimu. Hiyo si oili ya difu, wala difu isiguswe.

Na sili yenyewe je? Mdomo wake unaogusa shafti ni mwembamba kuliko milimita moja, umekazwa na springi ndogo ya duara, na haugusi chuma kikavu. Unaelea juu ya utando wa oili. Kabla ya raba za viwandani kazi hii ilifanywa na ngozi. Kampuni ya Freudenberg ya Weinheim, Ujerumani, ambayo leo ni maarufu kwa sili, ilianza mwaka 1849 kama kiwanda cha ngozi, na ni katika miaka ya 1930 raba ilipoanza kuchukua nafasi. Jambo la kushangaza ni kwamba raba laini huila shafti ngumu ya chuma. Chembe za vumbi hunasa kwenye mdomo wa sili na kusaga chuma mzunguko baada ya mzunguko, hadi panatokea mfereji. Pitisha ukucha kwenye shafti. Ukikwama, hapo pana mfereji, na sili yoyote itakayokaa pale pale itavuja. Fundi hodari huipigilia sili mpya milimita moja au mbili mbele au nyuma ya pale pa zamani, kama nafasi inaruhusu, ili mdomo ukute chuma kizima. La sivyo huvalisha shafti pete nyembamba ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Ukienda kununua Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, soma namba zilizo usoni mwa sili. Zikisomeka 38-74-11, maana yake ni kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, kwa milimita. Kwenye namba za Toyota zinazoanza na 90311, tarakimu mbili zinazofuata mara nyingi ndizo kipenyo cha shafti. Tazama pia mshale. Sili nyingi za pembeni zina mistari midogo inayorudisha oili ndani shafti ikizunguka upande mmoja tu, hivyo ya kulia ikipelekwa kushoto inaisukuma oili nje badala ya kuirudisha.

Nati ya pinioni inataka heshima yake. Kuifungua ili kubadilisha sili na kisha kuikaza kwa nguvu zote za bomba kunaharibu mkazo wa beringi uliopimwa kiwandani, na difu itaanza kulia. Iwekwe alama kabla ya kufunguliwa, zihesabiwe pingili za uzi, na irudishwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Kuhusu kiwango, hesabu hii iwakae wanaosema tone moja si kitu. Matone 20 hivi hufanya mililita moja. Tone moja kila dakika ni matone 1,440 kwa siku, yaani mililita 72, na kwa siku 30 ni zaidi ya lita mbili. Kupima, egesha sehemu tambarare, subiri oili itulie, fungua kizibo cha kujazia na ingiza kidole ukikikunja chini. Kwa difu nyingi oili inatakiwa iguse ukingo wa chini wa tundu. Kuzidisha nako ni kosa, maana oili iliyojaa mno hutafuta pa kutokea, na briza huanza kuitema. Unapobadilisha oili, legeza kizibo cha kujazia kwanza kabla ya kile cha kumwagia. Kizibo kilichoganda kwa kutu ukikigundua baada ya kumwaga oili yote, pikapu haiendi popote.

Mwisho, je, wajua kwamba fowili isiyotumika nayo huvuja? Kwenye pikapu yenye loku za mkono kwenye habu, difu ya mbele husimama kabisa loku zikiwa wazi. Oili inatulia chini, midomo ya sili inakauka na kugeuka migumu, na siku mvua inapokulazimisha kuweka fowili, oili inapita. Kitabu cha Toyota kinashauri kutembea kilomita 16 kila mwezi fowili ikiwa imewekwa. Chagua barabara ya vumbi au ya kokoto, maana kwenye lami kavu magurudumu ya mbele na ya nyuma hushindana na kuzibana gia. Funga loku, tembea mpaka difu ishike joto, kisha fungua.